Mgonjwa wa Ishirini

Blanketi lilikuwa limelowa, na hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza. Si kule kulowa kwa kumwagikiwa na ndoo. Lilikuwa chapachapa kama nguo iliyotolewa mtoni sasa hivi, linadondosha maji ya rangi ya udongo, na lilikuwa katikati ya fungu, la saba kutoka juu. La juu yake kavu. La chini yake kavu.

Mfagiaji wa kituo cha afya ndiye aliyeliona. Watu walimwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia asubuhi, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshaisikia. Alilishika kwa vidole viwili akaita, "Mama Wodi, njoo uone blanketi lililooga."

Mama Wodi, muuguzi mkubwa wa pale, alikuja, akatazama, akasema, "Lianike." Lakini alijua ni nini kilicholazwa nyuma ya yale mablanketi, na alijua ni nani aliyekilaza.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkapotea.

Kituo kile kilikuwa na vitanda kumi na viwili, daktari mmoja, wauguzi watano, na choo kimoja chenye mlango wa kubishana nao. Kilikaa kwenye mwinuko. Chini yake bondeni nyumba zilibanana mpaka kwenye kingo za mto. Miaka kumi na sita nyuma mto ule ulipanda ukaingia majumbani, na Mama Wodi, wakati huo bado mbichi, hakulala siku tatu. Alishona watu vidonda tochi ikiwa mdomoni. Bandeji zilipokwisha alipasua mapazia ya wodi. Watu hawakusahau. Akipita sokoni walimpisha, akikaa kwenye harusi walimsogezea kiti chenye mto.

Baada ya mafuriko yale kikajengwa chumba kidogo nyuma ya wodi, wakakiita stoo ya dharura. Mkawekwa mablanketi, chupa za dripu, bandeji, tochi, vidonge vya kusafishia maji na machela nne. Ufunguo alikaa nao Mama Wodi, shingoni, kwa uzi mwekundu, miaka yote hiyo.

Kisha akaletwa sista kijana, ametoka kusomea mambo ya maafa, filimbi shingoni, miguu haitulii. Redio alimpa jina siku ya pili: Chapuchapu. Wiki haikwisha, Chapuchapu aliomba stoo ifunguliwe. Betri za tochi zilikuwa zimevuja. Vidonge vya maji vimepitwa na muda miaka minne. Machela mbili ukimlaza mtu anatokea upande wa pili.

"Mama, hivi vilikaguliwa lini?" aliuliza.

Aliuliza kwa adabu kabisa, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Angeuliza kwa jeuri, Mama Wodi angepata pa kushika.

Daktari akasema, "Mama apumzike kidogo," na ufunguo ukahama kutoka shingo moja hadi nyingine. Watu wote waliuona unavyohama. Hakuna aliyejua kwamba Mama Wodi alikuwa na ufunguo wa pili, ameuficha kwenye kopo la pamba.

Mtu mzima akiingiwa na wivu hapigi kelele. Anatabasamu, anasalimia, anauliza umeamkaje, na ndani kuna kitu kinamtafuna taratibu kama mchwa ndani ya mlango uliopakwa rangi. Na kilichomkata zaidi Mama Wodi hakikuwa ufunguo. Alikuwa na binti mmoja tu, hana mwingine, ameolewa huko bondeni na ana mimba ya kwanza. Binti huyo alipokuja kliniki alipita meza ya mama yake, akaenda kupanga foleni kwa Chapuchapu.

"Mama, yule dada ana mkono mwepesi," alisema. "Akinigusa, mtoto anatulia kama ameimbiwa."

"Ni vizuri," Mama Wodi alisema. Usiku huo hakula.

Ndipo likaja zoezi. Chapuchapu alisema kituo ambacho hakijawahi kujaribu mafuriko ya uongo hakitayaweza ya kweli. Wangekuwa majeruhi ishirini wa kuigiza, kila mmoja na kadi kifuani: nyekundu ahudumiwe kwanza, njano anaweza kungoja, kijani anatembea mwenyewe. Kila anayeingizwa atataja namba yake kwa sauti, Chapuchapu aandike. Wakubwa wa idara ya afya wakaalikwa waje waone. Siku yenyewe ilipofika, fundi cherehani akasema ana wateja, hawezi kulala chini kujifanya anakufa. Wakabaki kumi na tisa.

"Mama, niokoe," Chapuchapu akamwambia Mama Wodi. "Nitengenezee mmoja."

Mama Wodi alichukua gunia akashuka hadi mtoni. Alilijaza mchanga mbichi pale pale kwenye kona ambayo mwaka ule wa maji walitolewa waliokufa. Akalishona, akalitia kichwa cha mto, akalifunika blanketi, akalifunga kadi nyekundu namba ishirini. Lilikuwa zito kama mtu. Alikuwa akiliburuta koridoni aliposikia kicheko cha wageni uani, wanamsifu Chapuchapu, na mmoja akauliza, "Na yule mama mkubwa?"

"Huyo ni wa zamani," daktari akajibu. "Anatusaidia saidia."

Anatusaidia saidia. Mama Wodi alisimama na neno hilo. Halafu akafungua stoo kwa ufunguo wake wa siri, akalisukuma lile gunia nyuma kabisa ya mablanketi, akaliinamia pale kichwa kilipokuwa, akanong'ona kwa uchungu wote uliomjaa: "Wewe ni wa kwanza hapa. Usimpishe mtu yeyote."

Uani wakahesabu: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Kimya. Chapuchapu akapiga filimbi mara tatu. Wageni wakatazama saa zao.

"Mimi nilimlaza koridoni," alisema Mama Wodi. "Wabebaji ndio wanajua."

"Labda maji yamemchukua," mgeni mmoja akasema, na wote wakacheka. Chapuchapu hakucheka. Alikuwa mkweli mno yule msichana, hakuweza kuandika ishirini akiwa na kumi na tisa. Aliandika: *Wa ishirini, anatafutwa.* Na kwa kuwa mgonjwa mmoja alikuwa hajapatikana, ripoti haikufungwa. Na kwa kuwa ripoti haikufungwa, idara ikasema haileti betri wala vidonge vipya. Jioni hiyo Mama Wodi alikula akaongeza.

Wiki tatu baadaye ndipo blanketi likaoga.

Halafu zikafuata chupa za dripu. Zilikutwa tupu kabisa, vifuniko vimezibwa vilevile vilivyotoka kiwandani. Bandeji zilikutwa zimefunguliwa, zimetumika, zimeshika matope. Na harufu ikaanza, harufu ya chini ya mto, ya majani yaliyooza na kitu kingine ambacho Redio peke yake ndiye alithubutu kukitaja.

"Inanuka mtu aliyekaa sana majini," alisema.

"Deki, uache maneno," Mama Wodi akamwambia.

Kisha kitanda namba moja kikaanza kukataa watu. Alilazwa fundi baiskeli aliyevunjika bega. Mchana kweupe, jua linaingia dirishani, alianguka chini mara mbili.

"Sista, huyu mwenzangu ananisukuma," alilalamika.

"Mwenzako gani? Kitanda ni cha mtu mmoja."

"Na mimi ndivyo ninavyomwambia. Hasikii. Anapumua kama mtu anayekoroma ndani ya ndoo."

Wakamhamisha. Alipoondoka, godoro lilikuwa na shimo la mtu wa pili, limelowa. Kwenye chuma cha kitanda ilikuwa imefungwa kadi nyekundu. Redio aliitupa. Kesho yake ilikuwepo.

Jioni wauguzi walipokabidhiana zamu, Chapuchapu alipita kitanda hadi kitanda akihesabu wagonjwa kwa sauti. Walikuwa tisa. Aliposema "tisa" na kufunga kitabu, ukutani, upande wa stoo, sauti ya mtu aliyejaza maji mdomoni ikajibu kwa utulivu:

"Ishirini."

Mgonjwa mmoja alijifunika shuka hadi kichwani. Chapuchapu alimtazama Mama Wodi, na Mama Wodi akatazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyosema.

Daktari hakutaka habari za sauti. Alitaka kujua dripu arobaini zimekwenda wapi, na ufunguo uko shingoni mwa nani. Aliandika barua kwenda idarani. Chapuchapu alikuwa aondolewe mwisho wa mwezi. Ulikuwa ushindi ambao Mama Wodi aliuota mwaka mzima, na sasa umemjia unanuka matope. Mvua zilikuwa zimeanza juu milimani, mto ulikuwa umebadili rangi, binti yake amebakiza wiki mbili ajifungue, na stoo ya dharura ilikuwa inaliwa kutoka ndani.

Basi mchana mmoja, wenzake wamekwenda kula, alikwenda kulitoa lile gunia. Aliingia akaurudisha mlango, akasogeza fungu la kwanza la mablanketi, na la pili, na kila alilosogeza lilikuwa zito kuliko lililopita, limelowa zaidi, mpaka mikono yake ikawa inazama kama anapekua kinamasi na si nguo, na chini ya miguu yake sakafu ya saruji ilikuwa laini, inavuta, na pale mwisho kwenye kona, pale alipolilaza gunia, hakukuta gunia bali kiumbe kilichokaa kitako kimeegemea ukuta, blanketi begani, sindano ya dripu imechomwa kwenye mkono wa mchanga, bandeji zimezungushwa kichwani kwa fundo lile lile ambalo Mama Wodi mwenyewe huwa analifunga na hakuna mwingine anayelijua.

"Umechelewa," kilisema. "Nilikuwa nangoja. Hakuna aliyekuja, nikajihudumia."

"Nani wewe?"

"Nilikuwa mtoni, sina jina wala pa kulala. Ukanichota. Ukanipa namba, ukanipa kadi, ukaniambia mimi ni wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo." Maji yalikuwa yanamtoka mdomoni kila neno. "Sasa kila siku nawasikia mnavyowapokea wengine. Pole baba, pole mama, lala hapa. Mimi ninaumwa, mimi, kila mkono unaomgusa mwingine unanichoma."

"Nakuomba utoke."

"Uliniambia nisimpishe mtu. Sitampisha. Hata yule mwenye tumbo anayekuja na maji, sitampisha."

Mama Wodi hakukumbuka alivyotoka. Redio alimkuta nje, viatu vimejaa matope na uani ni vumbi tupu.

Kwenye benchi la wagonjwa wa nje alikuwepo bikizee mmoja aliyekuja kila wiki kupimwa presha, na ndiyo maana aliitwa Bibi Presha. Enzi zake alikuwa mganga wa majini, mtu wa kufuatwa kutoka mbali. Aliacha, mwenyewe anasema, magoti yalipogoma, maana majini wengi wanataka upigiwe magoti. Alimnusa Mama Wodi akasogea kumpa nafasi.

"Kaa, binti. Umetoka kuongea naye."

Mama Wodi alimweleza yote kwa sauti ya chini, macho kwenye vidole vyake. Bibi Presha alisikiliza huku anakunja mkono wa gauni tayari kwa kipimo.

"Huyo hafukuzwi kwa moshi wala kwa fimbo," alisema. "Ni jini mwenye kijicho. Amelishwa kijicho chako, ameshiba, na anadhani ndiyo mapenzi. Mmemfanya mgonjwa, basi mmalizeni kumtibu, mumpe ruhusa kama mgonjwa yeyote. Ila kabla ya hapo yale maneno yako uyarudishe, mbele ya yule uliyemkusudia, watu wakisikia."

"Mbele ya watu, bibi? Mimi?"

"Basi endelea kukaa naye," akasema Bibi Presha. "Mwite daktari, mkono wangu unapata baridi."

Mama Wodi alisema kesho. Kesho ilipofika akasema keshokutwa. Kusema mbele ya Redio ni kusema mbele ya dunia, na lile jina la miaka kumi na sita lingefutika kwa siku moja. Keshokutwa, saa nane mchana, mto ukaja.

Haukuja kwa kishindo. Ulikuja na mbwa. Mbwa wote wa bondeni walipanda mwinuko wamelowa, kimya, na nyuma yao watu wakiwa na magodoro kichwani, na nyuma ya watu maji. Chapuchapu, aliyebakiza siku nne kuondolewa, alipuliza filimbi, na kila mtu akajikuta anajua pa kusimama, maana alishasimama hapo siku ya zoezi. Kadi zikatoka. Njano huku, kijani huku. Halafu akakimbilia stoo, ufunguo ukazunguka, lakini mlango haukufunguka. Wanaume wanne waliusukuma, na toka ndani kitu kiliusukuma pia, taratibu, bila haraka.

"Hatuna dripu, hatuna blanketi," Chapuchapu alimwambia daktari. "Kila kitu kiko humo."

Wakati huo ndipo walipomleta binti yake Mama Wodi, amelazwa juu ya mlango wa nyumba, wanaume wamembeba mabegani. Alikuwa na uchungu, na damu ilikuwa inatoka mapema kuliko inavyotakiwa. Vitanda vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja. Namba moja kilikuwa wazi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Walimlaza. Akateleza. Walimlaza tena, wauguzi wawili wakimshika, na wote wakaona godoro upande wa pili linashuka polepole kwa uzito wa mtu anayejinyoosha, na maji ya matope yakaanza kupanda kwenye shuka kutoka chini, yakamfikia binti mgongoni, akapiga kite na kusema, "Mama, kuna mtu hapa, ana baridi, ananikumbatia tumbo," na kutoka upande wa mto uliokuwa mtupu ile sauti ikasema, kwa upole, kama mtoto anayekumbusha ahadi, "Mimi ndiye wa kwanza."

Mama Wodi alishika mkono wa Chapuchapu mbele ya wodi nzima.

"Sista, nisikilize," alisema. "Mgonjwa wa ishirini hakupotea. Nilimficha mimi. Nilimfungia stoo kwa ufunguo niliouficha, ili uaibike mbele ya wageni. Nilimwambia asimpishe mtu, na mtu niliyemkusudia ni wewe. Nilikuonea wivu. Dripu hukuiba wewe. Maneno yale nayarudisha, yote, mniondoe mimi, binti yangu hana kosa."



Chapuchapu alimtazama. Mtu angeweza kumzaba kofi na wodi nzima ingesema amestahili. Kisha akavuta kalamu nyweleni alikoichomeka, akafungua kitabu chake, ukurasa wa zoezi, akausogelea ule upande mtupu wa mto.

"Mgonjwa wa ishirini," alisema. "Pole sana. Tumekuchelewesha. Unaumwa wapi?"

Sauti ikajibu, "Kila mahali."

"Mama, mshike mkono."

Mama Wodi aliupeleka mkono pale ambapo hapakuwa na kitu, na ukashikwa. Ulikuwa mkono wa mchanga mbichi. Aliupapasa kama alivyowapapasa wagonjwa miaka yote ile. "Pole, mwanangu," akamwambia, na akashangaa kwamba anamaanisha. Chapuchapu aliifungua ile kadi nyekundu kwenye chuma cha kitanda akafunga ya kijani.

"Umehudumiwa," alisema. "Unatembea mwenyewe. Nakupa ruhusa." Akaandika kwa sauti: "Wa ishirini, amepatikana. Ametoka."

Godoro likainuka. Nyayo za maji zikashuka kitandani, moja, nyingine, zikapita kati ya wagonjwa waliokunja miguu kuzipisha, zikatoka uani, zikashuka kuelekea mto. Nyuma ya wodi mlango wa stoo ulifunguka wenyewe. Nusu ya vitu ilikuwa imeharibika. Nusu ile nyingine ndiyo iliyookoa watu siku hiyo, pamoja na mapazia, ambayo Mama Wodi aliyapasua tena bila kuambiwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya giza. Chapuchapu ndiye aliyemdaka, Mama Wodi akishika taa.

Barua ya daktari haikuwa na kazi tena. Ripoti ilifungwa, vifaa vikaja, Chapuchapu akabaki. Mama Wodi aliandikiwa onyo kali, akarudisha ule ufunguo wa pili, na sokoni wengine waliacha kumpisha. Alivumilia. Na siku ya arobaini walipokaa nyumbani kwa binti yake, ukuta bado una alama ya maji kiunoni, binti alimweka mtoto mapajani mwa Chapuchapu.

"Tumeamua aitwe jina lako, dada," alisema. "Lile la kweli, si la Redio."

Watu wakashangilia. Mama Wodi naye alifungua mdomo ashangilie, na pale chini ya moyo kitu kidogo kikamchoma, kidogo tu, kama sindano. Hapo hapo chumba kikanuka chini ya mto. Hakuna aliyegeuza kichwa ila mtoto, aliyeacha kunyonya kidole akaitazama kona nyuma ya bibi yake, na sikioni mwa Mama Wodi sauti iliyojaa maji ikasema kwa furaha, kama mtu aliyesikia anaitwa nyumbani:

"Ishirini."

Mama Wodi aliinuka haraka, akamshika Chapuchapu mikono yote miwili. "Hongera, mwanangu," alisema. "Hongera, umestahili." Akairudia tena na tena, wageni wakadhani ni furaha imemzidi, mpaka harufu ikaisha.